Gari Lililoamka Saa Saba Mchana

Mwenye kosa ni afisa usafirishaji wa ofisi ya kununulia pamba iliyokuwa Bunda wakati wa utoto wangu. Si jirani yetu, si baba yangu, wala si jini wa aina yoyote. Naliandika hilo mwanzoni kwa sababu nimefanya kazi ya masjala maisha yangu yote, na najua jinsi jambo la msingi linavyoweza kuzikwa chini ya maelezo marefu.

Kilichonirudisha huko ni msiba. Nilitoka Musoma kwenda Butiama kumpa pole mwenzangu wa utotoni, binti wa jirani yetu huyo, aliyefiwa na mama yake. Waombolezaji walipopungua, akaniita nyuma ya nyumba, akakaa kwenye kigoda, akaniuliza bila kunitazama.

"Dada, wewe umekaa na mafaili miaka yote. Niambie. Mama aliliamshaga lile gari?"

Nikamjibu kwamba mama yake alikuwa anatania tu.

"Hilo la utani nalijua. Nakuuliza kama liliamka."

Akanieleza kwamba wajukuu wa marehemu bado wanaitwa "waamsha gari", na kwamba mwaka huu huu wazee waliokuja kumposa mmoja wao waliondoka bila kumaliza chakula, wasirudi tena. Siku ile sikumjibu ipasavyo. Namjibu hapa, na wewe msomaji wangu, uliyenivumilia mara nyingi, uwe shahidi.

Tuliishi katika kijiji kimoja upande wa Mugeta. Msimu wa kuuza pamba ulikuwa msimu wa vumbi jeupe. Nyuzi za pamba zilining'inia hewani hata pasipo upepo, zikatua juu ya ugali wa mtama, ndani ya mchuzi wa furu, samaki wadogo wa ziwani waliokaushwa, kwenye kope za bibi. Kazi yangu asubuhi ilikuwa kuchota maji, kufagia uwanja, kisha kumpelekea baba chai kwenye kituo cha kununulia, mahali ambapo marobota yalipangwa mpaka yakawa marefu kuliko nyumba yetu. Baba alikuwa dereva wa gari la ofisi, la petroli, la kijani kilichofifia. Nililipenda gari lile. Lilinuka mafuta, magunia na jasho la baba.

Ugonjwa wake ulikuwa stata. Kama hujawahi kuiona, ni mota ya umeme iliyofungwa ubavuni mwa injini. Injini haiwezi kuanza yenyewe, baba alikuwa akisema, lazima iamshwe. Ukigeuza ufunguo, waya mwembamba hupeleka umeme kwenye swichi ya mviringo iliyopanda mgongoni mwa stata. Swichi hiyo husukuma gia ndogo ikashike meno ya gurudumu zito la injini, na papo hapo huruhusu umeme wote wa betri kupita. Stata huzunguka nukta chache tu, injini ikiwaka inajitoa, inalala tena.

Ile ya kwetu haikuzunguka. Ilitoa mlio mmoja, ta, kama mtu aliyegonga mlango mara moja kisha akanyamaza. Baba alijua sababu: brashi za kaboni ndani yake, vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka, zimekwisha. Aliandika hivyo kwenye daftari la gari kila wiki, pamoja na kwamba breki ya mkono imekufa na gari linaegeshwa likiwa kwenye gia. Kila wiki daftari lilikwenda Bunda, na kila wiki lilirudi na muhuri wa afisa usafirishaji: IMEONEKANA. Hakuna brashi, hakuna fundi.

Mara moja tu afisa aliongeza maneno kwa mkono wake: "Dereva apige stata mpaka iitike."

Sasa, sote tunajua kwamba kupiga stata ni kugeuza ufunguo. Lakini baba alikuwa amegeuza ufunguo mamia ya mara na kuripoti hivyo, basi akaona agizo haliwezi kuwa la kumrudisha pale pale. Akachukua chuma kirefu, akainama, akaipiga. Iliitika. Brashi zilizokwama zilitikisika zikagusa, na injini ikawaka. Tangu siku hiyo kila asubuhi kijiji kilisikia chuma kikigonga chuma, ngo, ngo, ngo, halafu gari likaguna. Watoto walisema baba analichapa gari ili liamke. Mpaka leo sijui afisa alimaanisha ufunguo au chuma. Ninachojua ni kwamba aliandika na kutia sahihi.

Jirani yetu alikuwa mjane mwenye maneno mengi. Alisalimia kila kitu. Alimwuliza kuku kama ameamka salama, alimpa pole jongoo kwa safari ndefu. Bibi yangu alimwambia siku moja atajibiwa, na wote wawili wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Siku ile ilikuwa saa saba mchana. Jua lilikuwa limesimama, kivuli cha kila mtu kimeingia chini ya miguu yake. Baba alikuwa amekwenda kula. Gari lilikuwa limeegeshwa likielekea lundo la pamba ambayo haijafungwa, kando ya marobota, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa baba. Karani wa mzani alikuwa amesimama kati ya gari na pamba, akiandika. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye gunia, na bakuli mapajani. Jirani akapita na kuni kichwani, akasimama ubavuni mwa gari, akaliambia kwa kilugha chetu, kwa sauti ya kumbembeleza mtoto, "Na wewe umelala mchana? Amka, wenzako wanafanya kazi."

Gari likaamka.

Injini haikuunguruma. Hilo ndilo lililotutia baridi. Liliguna tu, ng'wee, ng'wee, mlio wa stata peke yake, na likaanza kutambaa kwa kushtukashtuka, polepole, kama mnyama aliyevunjika mgongo. Kiti cha dereva kilikuwa kitupu. Usukani ulikuwa unatetemeka. Karani aligeuka, akalitazama, na hakukimbia. Nadhani alingoja kumwona mtu ndani. Lilimsukuma polepole mpaka akaingia kwenye pamba, mabega, kisha kichwa, pamba ikamfunika bila sauti. Likaendelea kuguna pale pale mpaka betri ikaisha. Kisha kukawa kimya, na zile nyuzi nyeupe zikaanza kutushukia.

Walimtoa akiwa hai. Pamba ilimwokoa. Lakini siku nyingi hakusema neno, na aliposema, alisema alisikia mwanamke akiliita.

Kikao cha kijiji kiliitishwa. Baba alisimama, akaeleza kwamba stata ilikuwa mbovu na kwamba yote yameandikwa kwenye daftari. Akaambiwa alilete. Alikwenda Bunda kwa baiskeli. Afisa usafirishaji alikuwa amelifungia kabatini. Alimwambia daftari ni mali ya ofisi, halisomwi kwenye mikutano ya vijijini. Badala yake alimpa karatasi moja yenye muhuri apeleke kijijini. Baba aliikunjua mbele ya watu wote. Mahali pa sababu ya ajali paliandikwa: Haijulikani.

Mzee mmoja akauliza, kwa upole kabisa, "Kama serikali yenyewe haijui, nani mwingine anajua zaidi ya huyu mama?"

Baba alirudia neno stata. Wakamwambia anamtetea jirani kwa sababu anakulaga kwake. Jirani aliondoka kesho yake asubuhi, amemshika mkono binti yake, kwenda kwa kaka yake Butiama. Alipopita kwetu hakumsalimu bibi. Hakusalimia hata kuku.

Fundi wa umeme wa magari aliletwa kutoka Iringo, Musoma mjini, wiki tatu baadaye, karani alipopona na ofisi ikalitaka gari lake. Nilikuwapo. Kabla ya kugusa chochote alifungua nati ya betri akautoa waya, maana stata haishikwi ikiwa na umeme. Aliishusha, akaifungua juu ya gunia, akatuonyesha brashi zilizobaki wembamba wa kucha. Alifuta vumbi jeusi, akasugua kwa msasa mabamba ya shaba ya ile swichi, akapaka grisi kidogo kwenye bushi zinazobeba mhimili. Kisha akavuta ule waya mwembamba wa ufunguo, akamwonyesha baba. Chuma kilikuwa kimeuchubua mpaka shaba ikabaki uchi, sentimeta moja kutoka kwenye waya mnene wa betri. Jua likilainisha mpira wa waya, alisema, unalegea, unagusa. Ukigusa, na brashi zikiwa bado zimeshika tangu kugongwa asubuhi, stata haiulizi ufunguo uko wapi, na gari likiwa kwenye gia, linakwenda.

"Mzee, stata haipigwi," akamwambia baba. "Inafunguliwa, inasafishwa."

Baba aliandika yote hayo kwenye daftari, ambalo ofisi ililituma pamoja na fundi, akataja waya, akataja chuma chake mwenyewe, hakujificha. Lilirudi na muhuri ule ule.

Namjibu basi mwenzangu: ndiyo, liliamka, na mama yako hakuliamsha. Lakini sijamaliza. Miaka mingi baadaye niliajiriwa Bunda, katika masjala ya ofisi iliyorithi majalada yale. Nililishika daftari hilo kwa mikono yangu. Nilisoma mwandiko wa baba. Nikaona limewekwa kwenye rafu isiyo yake, nikalipa namba sahihi, nikalirudisha. Hakuna aliyekuwa ameniomba zaidi ya hapo, na nilijiona nimetimiza wajibu. Jirani alikuwa hai bado, mwendo wa asubuhi moja tu kutoka mezani kwangu.

Kituo cha kununulia hakipo tena. Bibi hayupo, baba hayupo, na zile nyuzi nyeupe hazitui tena juu ya chakula cha mtu. Nilipopita nilikuta msingi wa mzani tu, mbuzi wamelala juu yake. Mwanamke aliyemtakia kila kitu hali njema, mwenzangu ananiambia, aliishi Butiama miaka yake yote iliyobaki bila kuwa wa kwanza kumsalimia mtu.

Kwa hiyo nadai rasmi kwa ofisi inayotunza majalada hayo: neno "Haijulikani" lifutwe kwa mstari mmoja unaosomeka, na juu yake iandikwe sababu aliyoiona fundi, pamoja na cheo cha afisa aliyeipokea taarifa kila wiki asichukue hatua. Nakala yenye muhuri ipelekwe kwa serikali ya kijiji, isomwe mkutanoni kwa sauti, na nyingine akabidhiwe binti wa marehemu mkononi mwake, Butiama. Na mimi, karani wa masjala niliyelisoma daftari nikalirudisha kwenye rafu, niitwe kwa barua kutoa maelezo. Nitafika.