Namba Pembeni mwa Majina

Nilipokuwa mtoto wa darasa la nne niliwahesabu watu wa kwetu. Niliwahesabu kwa kalamu ya wino, mchana kweupe, nikiwa nimekalia gunia mlangoni pa nyumba yetu Muthangari, na nilijiona hodari sana. Sasa mimi ni mama, na hata leo nesi wa kliniki akiniuliza nina watoto wangapi, namtajia majina yao, yeye ajaze mwenyewe.

Nyumbani kulikuwa na Shosho, mimi na mdogo wangu Kamau. Shosho ndiye aliyemzaa baba. Mama alifariki akimzaa Kamau, na mwaka uliofuata baba akaangukiwa na jiwe machimboni, akafa. Kwetu mtoto hapewi jina kwa sababu linapendeza masikioni, anapewa mtu. Mimi nilipewa Shosho, Wairimu, kwa hiyo aliniita wajina. Kamau alipewa babu yetu, mume wa Shosho aliyekufa zamani, kwa hiyo Shosho alimwita mume wangu na kumtania kama mume.

"Mume wangu, umekula umeshiba, mbona hunipasulii kuni?"

Kamau alikuwa na miaka minne na suruali iliyofungwa kwa kamba. Alikuwa akimjibu bila kucheka, "Nitapasua kesho. Leo nimechoka."

Kila Jumamosi mimi na Shosho tulitembea hadi mjini, yeye amebeba kiondo cha mboga kwa ukanda wa kichwani, mimi nimebeba dania. Mteja wake mkubwa alikuwa Bi Zuhura, mwanamke wa Pwani aliyekaa nyuma ya duka la misumari karibu na River Road. Mumewe, Maalim, alifundisha watoto kusoma Kurani katika chumba cha mbele, na saa nyingine aliwaandikia barua watu wasiojua kuandika.

"Mama we, leo wanipa majani ya juzi," Bi Zuhura alikuwa akisema, akizigeuzageuza mboga.

"Zuhura, hii iko mzuri! Mimi nakata leo asubuhi, bado iko na maji yake. Wewe angalia na macho, si na mdomo."

Walicheka, kisha Bi Zuhura akanipa kikombe cha chai ya tangawizi na mkate. Hakuwahi kuninyima chai hiyo hata siku moja, na nakumbuka kwamba kila mara alikipuliza kikombe kwanza kabla ya kunipa.

Jumamosi moja nilikunywa chai ile nikiwa na wasiwasi. Uhuru ulikuwa umekuja juzi tu, na mwalimu wetu alikuwa ametuambia tukaandike ukoo wetu, kwa kuwa nchi mpya inataka watu wanaojua walikotoka. Sikujua nianzie wapi. Maalim aliposikia, uso wake ulichangamka. Alikunja kidole kimoja kimoja.

"Mimi ni Saidi bin Omari bin Athumani bin Bakari bin Shee bin Hamisi bin Omari. Wa saba huyo, na bado sijachoka!"

"Usimsikilize, mwanangu," Bi Zuhura akasema. "Marehemu wote awakumbuka. Chumvi niliyomtuma asubuhi ameisahau."

Maalim alinipa daftari jipya, lenye majedwali ya kuzidisha kwenye jalada la nyuma, na kalamu ya wino. Akanifundisha kwa upole kama alivyowafundisha wanafunzi wake. "Anza na wewe mwenyewe. Kisha waliokuzaa. Kisha waliowazaa hao. Na uweke namba pembeni, usije ukapotea njiani."

Alinitakia mema. Hakujua mambo ya kwetu, na mimi sikuwa nimeyajua vizuri bado.

Alasiri ile Shosho alikuwa akipukuchua maharagwe uani, Kamau akikimbiza yale yaliyoruka. Nilimuuliza majina, naye akanipa polepole, ganda moja jina moja. Upande wa baba aliusema kwa sauti ya kawaida. Tulipofika kwa mama alishusha sauti. Watu wa mama walikuwa wametawanywa wakati wa Emajensi, mkoloni alipokuwa akiwahamisha watu kwa nguvu, na baba alikutana naye huku mjini akiwa peke yake. Lakini mama alikuwa amemwambia Shosho kwao ni wapi. Shosho akanitajia jina la baba yake mama, jina la dada yake mama aliyebaki hai, na jina la mteremko walikokaa. Jina la mteremko lilikuwa refu, likanishinda kumaliza kwenye mstari, likashuka wa chini yake.

Nilipomaliza niliwapa namba kutoka juu hadi chini, walio hai na waliokufa. Namba ya mwisho ilikuwa ya Kamau. Sitaiandika hapa.

Shosho hakujua kusoma. Lakini alikuwa mtu wa soko, na namba alizijua. Aliinama nyuma yangu kuona kazi yangu, akaweka kidole chenye vumbi la maharagwe pembeni ya ukurasa.

"Wajina, hizi si herufi."

"Ni namba, Shosho."

"Umehesabu mboga?"

Nilizifunika namba kwa kiganja.

"Mbuzi huhesabiwa. Mafungu ya mboga huhesabiwa, kwa sababu yanauzwa, yanaondoka. Watu hawahesabiwi. Ukiwahesabu unamwonyesha anayekuja kuchukua kwamba hapa pana wa kutosha." Akahema. "Tena umewapanga walio hai na waliokufa kwenye mstari mmoja. Ziondoe."

Wino haukukubali kuondoka. Nilizikwaruza namba kwa wembe, karatasi ikaota manyoya, na namba bado zilionekana. Jumatatu nilimwambia mwalimu sikuandika. Nilichapwa, na daftari likabaki chini ya mkeka.

Wiki ya pili Kamau aliamka na macho mekundu, akakataa uji. Ilikuwa surua. Siku ya tatu pumzi yake ilikuwa fupi kama ya mtu aliyekimbia, na Shosho akamfunga mgongoni kwa leso akaenda naye hospitalini kwa miguu. Jirani yetu aliyeuza makaa aliacha magunia yake wazi barabarani akamsindikiza nusu ya njia. Mimi niliambiwa nichunge nyumba.

Nilichunga nyumba kwa dakika chache tu. Kisha nilitoa daftari chini ya mkeka, nikachana ule ukurasa, nikauweka kwenye mafiga. Hakuna kitu kingine nilichoweza kumfanyia Kamau. Sikuwa na dawa, sikuwa na mgongo wa kumbeba. Niliwaza kwamba orodha ikiisha, hesabu nayo itakuwa imeisha, na yule anayekuja kuchukua hatajua ni nani wa mwisho. Karatasi ilijikunja. Lile jina refu, lenye mistari miwili, ndilo lililochelewa kuungua.

Shosho alirudi saa nane mchana. Leso ilikuwa imekunjwa vizuri mkononi mwake. Nilipoiona ile leso nilijua.

"Mume wangu ameniacha mara ya pili," alisema, akakaa chini mlangoni.

"Nimeichoma, Shosho," nikamwambia. "Ile karatasi. Nimeichoma yote."

Alitazama mafiga, akaona majivu mepesi ya karatasi juu ya majivu ya kuni. Nilingoja anipige. Alifungua ile leso, akanifunika nayo pamoja na yeye.

"Ulikuwa unamsaidia," akasema.

Hakuniambia neno jingine juu ya jambo hilo maisha yake yote. Nami sikumuuliza tena majina. Tulipukuchua maharagwe mengine mengi pamoja, jua likituwakia, yeye akiwa na majina yale kinywani na mimi nikiwa na masikio, na kila mmoja alimwonea mwenzake huruma akanyamaza. Nilipomaliza darasa la saba, Shosho akafariki.

Niliolewa na Mwangi, mpiga chapa. Binti yetu wa kwanza alipewa mama yake Mwangi, Njeri, kama inavyotakiwa. Mwaka jana akazaliwa wa pili, akapewa mama yangu, Wambui. Mtoto akipewa mtu, watu wa huyo mtu huja kumwona, kwa kuwa ni mtu wao amerudi. Mama mkwe wangu alipika, akafagia uwanja, akasubiri. Siku ya pili akaniuliza kwa sauti ya chini, asisikiwe na majirani:

"Mwanangu, watu wa Wambui umewapelekea habari wapi?"

Sikuwa na pa kupeleka. Nilimwambia nitawatafuta. Aliniangalia akasema, "Watafute. Mtoto hawezi kuwa wa upande mmoja."

Basi nilinunua daftari, nikarudi mahali nilipoanzia. Bi Zuhura bado anakaa nyuma ya lile duka la misumari. Maalim sasa haoni vizuri, anatambua watu kwa sauti.

"Na huyu uliyembeba ni nani?" Bi Zuhura akauliza, akimpokea mtoto kabla sijaketi.

"Ni mama yangu," nikasema.

Hakushangaa. Alimtazama usoni muda mrefu. "Shikamoo mama," akamwambia yule mtoto mchanga, na mimi nikashindwa kunywa chai.

Niliwaeleza yote, namba, surua, mafiga. Maalim alishika kichwa. "Namba nilikwambia mimi," alisema. "Ni mimi."

"Hapana, Maalim."

"Ni mimi, mwanangu. Nilitaka usipotee."

Kisha Bi Zuhura akasema, akimpigapiga mtoto mgongoni, "Lakini ile barua je?"

Sikujua barua yoyote. Bi Zuhura akanieleza. Baada ya kumzika Kamau, Shosho alikuja peke yake, bila mboga. Alimwomba Maalim aandike barua kwa watu wa mama, kuwaambia mvulana amekufa, msichana amebaki, waje wamwone. Alikuwa na majina yote kichwani. Maalim aliandika, akaandika na juu ya bahasha, Bi Zuhura mwenyewe akaipeleka posta. Shosho alikuwa akiulizia jibu kila Jumamosi, mimi nikiwa pale pale na kikombe changu, na kwa sababu yangu waliulizana kwa macho tu. Jibu halikuja.

"Uliandika wapi, Maalim?" nikauliza. "Juu ya bahasha uliandika jina gani?"

Alifumba macho. Niliona midomo yake ikijaribu. Bi Zuhura aliacha kumpigapiga mtoto. Nje watu walipita na mikokoteni, mtu akagonga bati, na sisi tulimngoja mzee yule kama watu wanaongoja ndoo itoke kisimani.

"Nimeandika barua za watu wengi," alisema mwishowe. "Nakumbuka alivyolia. Nakumbuka sikuchukua kitu kwake. Jina..." Akatikisa kichwa. "Wa kwangu saba nawajua. Wako sikuwashika. Nisamehe."

Alipapasa mezani mpaka akapata kalamu, ya risasi safari hii, akanipa.

Nimekwenda kwingine tangu hapo. Nimekwenda Kitisuru kwa mzee mmoja mtunza bustani aliyechimba mawe na baba. Anakumbuka mama alikuwa akipika githeri akiwapelekea wote, si baba peke yake. Nimemuuliza yule muuza makaa. Anakumbuka siku alipougua asiweze kusimama, mama akamwoshea mtoto. Kila mtu amenikaribisha na amenipa alichonacho. Nina daftari lililojaa wema wa mama yangu, na sina jina hata moja la kunipeleka kwao.

Niliporudi kutoka Kitisuru mikono mitupu, mama mkwe alinitazama nikivua viatu. Alichukua kiondo chake, akatia ndizi na chupa ya uji, akatoka nje. Nilidhani anaenda kwa jirani. Muda si muda nikasikia sauti langoni.

"Wenyewe mpo? Tumetoka mbali! Tumesikia Wambui wetu amezaliwa huku!"

Alikuwa amejitanda leso kwa namna nyingine, amekunja uso kama mgeni asiyelijua lango lile. Mwangi alitaka kucheka, kisha akaona uso wangu, akasimama akampokea kiondo kwa heshima kama inavyostahili. Mama mkwe akaingia, akamchukua mtoto, akamtemea mate kifuani kumbariki. "Ni yeye kabisa," akasema. "Hata paji la uso."

Hakuwahi kumwona mama yangu. Nililia nikamshukuru, na nililia pia kwa sababu hakuwa wao.

Najua sasa kwamba surua mwezi ule iliingia hata nyumba ambazo hakuna aliyeshika kalamu. Nesi amenieleza, na nimewachanjisha wangu. Ninalijua hilo kichwani. Lakini Shosho alisema mwenye kuhesabu humwonyesha anayekuja kuchukua, na mimi nilihesabu, na nikapoteza, Kamau kwanza, kisha mama na wote waliokuwa nyuma yake, hao niliowachoma kwa mkono wangu mwenyewe. Hakuna wa kunieleza kwamba hayo ya pili yaliletwa na surua.

Jana nilikaa mlangoni na daftari. Nilianza na mimi mwenyewe, kama nilivyofundishwa. Niliandika Kamau pembeni yangu. Niliandika Wambui, na juu yake nikaacha mistari miwili mitupu, kwa lile jina refu. Namba sikuweka. Mtoto alikuwa mapajani, akanyoosha mkono akaunyakua ukurasa, nikamnyang'anya haraka mno mpaka akaanza kulia. Pembe ya karatasi ilibaki ndani ya ngumi yake. Nilimbembeleza, nikamfungua vidole kimoja kimoja, nikakitoa kile kipande, kidogo, kimelowa, hakina neno lolote. Nimekihifadhi ndani ya daftari.