Chungu cha Bibi wa Korea

Mama yangu aliuza munkoyo katika soko la Kamina, kile kinywaji cha mahindi na mizizi ambacho kikilala siku moja huwa kitamu, kikilala tatu huwa kikali. Pembeni alichoma mihogo na kupanga samaki wakavu walioletwa na treni kutoka Bukama. Mimi nilikaa nyuma yake na kitabu cha shule mkononi, wapita njia wasije wakadhani nami ni mwuzaji. Ndivyo nilivyokuwa, mpumbavu mwenye viatu.

Sajini mmoja Mbelgiji wa kambi ya jeshi alikuwa akija na lori kununua mboga. Siku moja alinusa munkoyo uliochacha, akafumba macho. Alikuwa amerudi kutoka vita vya Korea. Kwa Kiswahili cha kuokoteza alimweleza mama kwamba huko pia wanawake huketi njiani wakikaanga vikate vya kunde, samaki wakavu wakining'inia juu ya vichwa vyao. Kabla ya baridi huchachusha kabichi kwa chumvi, pilipili na kitunguu saumu, kisha huzika vyungu hadi shingoni. Bibi mmoja alimlisha kutoka chungu chake alipokuwa na njaa. Aliporudi kumshukuru, alikuta nyumba imeungua.

"Ule mama alikufwa, bwana?"

"Alikufwa."

Mama aligeuza mihogo motoni. Kwao Sanga, kando ya ziwa, jembe likigonga chungu cha kale ardhini, watu hukifukia upesi, kwa sababu ni mali ya wafu. Nilidhani atamfukuza sajini kwa kumletea habari za chungu cha marehemu.

"Basi bwana, lete mashu," akasema. "Tutamuzikia nkambo wako, ule bibi, chungu yake. Siku ya posho utakuya kula."

Sajini alipoleta mashu, mama akazikata kabichi hizo, akazitia chumvi na pilipili, akakizika chungu nyuma ya jiko. Alisema juu yake maneno machache ya Kiluba, na jirani akachungulia.

Jumapili ya juma lile wazazi wa karani mmoja wa stesheni, watu wa kanisa, walikuwa waje kuniposa. Kufikia Ijumaa ilikuwa ikisemwa kisimani kwamba mama anazikia watu dawa. Mke wa mwalimu wetu akaniuliza, "Mama yako iko nazika nini?" Ningejibu kabichi, yangekwisha kwa kicheko. Nilisema sijui.

Jumamosi asubuhi, ndiyo siku ya posho, mama alipokwenda sokoni, nilikifukua chungu nikakivunja mbele ya nyumba, majirani wakitazama. Kabichi nyekundu ikamwagika. Nilikuwa na hofu, lakini hofu yangu haikuwa ya uchawi. Nilimwogopa mama mkwe ambaye bado hakuwa mkwe. Nikazoa kila kitu nikatupa chooni.

Sajini alikuja nyumbani mchana, mama akiwa amesharudi, amenyoa ndevu, amevaa shati jeupe, ameshika kijiko chake mwenyewe. Mama alikwenda nyuma ya jiko na jembe, akakawia. Aliporudi hakunitazama.

"Samehe, bwana. Miye njo nilikosea chumvi. Ilioza."

Yule mtu mzima alikitazama kijiko, akakitia mfukoni. Akanywa kikombe cha munkoyo, akashukuru. Baada ya hapo lori lilikuja na mtu mwingine.

Niliposwa kesho yake, na karani huyo sina la kumlaumu. Watu husema majuto ni mjukuu. Mimi wajukuu ninao, na majuto pia. Mama hakuniuliza kamwe. Laiti angenipiga.

Alipofariki, nilikata kabichi, nikaitia chumvi na pilipili, nikaishindilia ndani ya chungu kidogo ili ichachie huko huko pamoja naye. Nilikibeba chini ya kitenge mpaka makaburini. Mchungaji alikuwa amesimama ukingoni mwa shimo, na mama mkwe wangu kando yake.

Nikarudi nacho nyumbani.