Lori Lisilokataa Mtu

Haya yalinitokea mimi mwenyewe, si rafiki yangu wala jirani wa shangazi yangu. Ukifika Omurushaka ukauliza ni dereva gani akishashusha mzigo anakwenda kuegesha mbali na wenzake, peke yake kama mwenye ukoma, watakuonyesha mimi. Wengine watakuambia naringa. Wengine watasema nimechanganyikiwa. Nisikilize kwanza, halafu uamue.

Lori langu ni la marehemu baba. Lina pua ndefu na injini ya kizamani: pampu, nozo, basi. Halina kompyuta. Likishawaka unaweza kuchomoa betri ukaiweka chini, nalo likaendelea kunguruma kana kwamba hukugusa kitu. Kulizima ni mpaka uvute waya. Wazazi walipofariki niliacha shule ya msingi kabla sijamaliza, nikawa utingo kwenye lori hilohilo chini ya dereva wa kukodi, mpaka nikakaa mwenyewe kwenye usukani. Limemlisha mdogo wangu Deusi na dada yetu Aneth. Limewasomesha wote wawili. Deusi akaenda chuo cha ufundi, akajifunza magari ya kisasa, na aliporudi tajiri mmoja mnunuzi wa kahawa akamkabidhi lori jipya kabisa.

Sikufichi, lile lori liliniuma. Kiti chake kinapanda na kushuka kama kinapumua. Dashibodi inamwambia dereva tairi lipi limepungua upepo. Watu waliozoea kunipungia mimi wakaanza kumpungia yeye. Mama mmoja wa kijijini Kamuli, ambaye nimemsombea ndizi tangu Deusi hajaota ndevu, aliniambia bila hata kunionea aibu, "Baba, leo nasubiri la Deusi. Lako linatufukiza kama nyama." Wangecheka mbele yako hivyo, wewe ungelala?

Faraja yangu ilikuwa moja. Magari ya kisasa yenye sensa, vile vidude vya kupima kila kitu, yana madeko. Kidude kidogo kuliko kidole kikiingia unyevu, lori zima linagoma, na hapo asubiriwe fundi wa kompyuta kutoka Bukoba. Langu likigoma nashika spana, natoa upepo kwenye bomba la dizeli, tunaondoka. Kila taa ya njano ilipowaka kwa Deusi, mimi siku hiyo nilikula nikashiba.

Basi, asubuhi hiyo tulipakia kahawa Kamuli, mimi na yeye, tuipeleke kiwandani Omurushaka. Ukungu ulikuwa umelala juu ya migomba, huoni mita chache mbele. Nilitangulia. Bondeni injini ikaanza kukohoa, nikashuka kutoa upepo, spana ikateleza ikanichana kidole gumba. Hapo ndipo Deusi akanipita, honi juu.

"Shikamoo, kaka! Nikuletee kamba nikuvute?"

"Marahaba. Kamba kaa nayo, utaihitaji mwenyewe!"

"Kwa hili? Hili linajiendesha, kaka! Mimi nimekaa tu kulisindikiza!"

Akapotea kwenye ukungu akicheka. Nilifunga nati ile kwa hasira mpaka nikaogopa kuivunja.

Sikwenda mbali nikamkuta amesimama kando ya barabara. Lori limezima. Taa zote za dashibodi zinawaka, nyekundu na njano, kama duka la sikukuu. Deusi alikuwa chini, amekunja mikono. Hatua chache kutoka kwake alisimama mtu wa makamo aliyevaa koti refu la mvua, kavu kabisa, na ukungu ule ulikuwa unatutonesha maji sisi sote.

"Imekuwaje, mwanachuo?" nikamuuliza Deusi.

"Kaka, hata sielewi. Nimempa lifti huyu mzee. Alipokaa tu kwenye kiti, taa zikawaka zote, injini ikakata. Akishuka na kusogea kule, inataka kuwaka. Akirudi, inakata."

Nilicheka, nikacheka tena. Yaani sasa gari limeanza kuchagua abiria? Nikamgeukia yule mtu. "Shikamoo, mzee."

Hakuitikia marahaba. Alikuwa anaangalia lori langu lililokuwa likitikisika pale, limewaka. Akasema polepole, "Hili halikatai mtu."

Niamini, tangu lile jipya lije hakuna aliyenipa neno tamu kama hilo. Nilimfungulia mlango mwenyewe.

Deusi akanishika mkono. "Kaka, usimpakie. Huyu mtu simwelewi. Nilimwambia afunge mkanda, sikusikia hata pumzi yake."

"Wivu huo," nikamwambia. "Leo umehamia kwako."

Tukaondoka. Nilikuwa na furaha ya kijinga. Nikatoa mfukoni kahawa ya kutafuna, ile inayochemshwa na majani ikakaushwa, maana kwetu mgeni hukaribishwa kwa hiyo, awe nyumbani au njiani. Nikampa tunda moja. Sikukumbuka kwamba kidole changu bado kilikuwa kinatoka damu.

Unajua tunda la kahawa lina punje mbili, zimelaliana kama pacha. Zamani huku kwetu watu wawili waliotaka kuwa ndugu wa damu walichanjana karibu na kitovu, wakapaka damu kwenye punje hizo, kila mmoja akameza ya mwenzake. Udugu huo ulizidi wa tumbo moja. Haukuvunjwa. Babu alikuwa na ndugu wa aina hiyo ng'ambo ya mto, nasi tulimwamkia kama babu.

Yule mtu alilipasua tunda kwa meno. Punje moja yenye damu yangu akaimeza. Nyingine akanirudishia, imelowa kitu cheusi kutoka kwenye ufizi wake. Nami, kwa kuwa mgeni akikugawia kahawa hukatai, nikaitia mdomoni. Ilikuwa na ladha ya dizeli na kutu. Nikaimeza.

"Sasa tuko wawili," akasema.

Ndipo nikatazama kioo cha mbele. Upande wangu kilikuwa kimejaa mvuke wa pumzi, nafuta kwa kitambaa. Upande wake kilikuwa safi kama hakuna mtu.

Kwenye kioo cha pembeni nikaona taa zinakuja. Deusi! Kumbe tulipoondoka tu, lori lake liliwaka. Tulikuwa tunapanda mlima, langu linajikokota, na yeye kama kawaida yake akatoka upande wa pili anipite. Alipofika sambamba na mlango wangu nilimwona anainua mkono anipungie. Injini yake ikakata. Puu, kimya. Taa zikawaka zote.

Akawa amesimama na shehena ya kahawa kwenye upande usio wake, katikati ya mlima, ndani ya ukungu. Na kule juu nikasikia honi ya basi la asubuhi, linateremka kutoka Omurushaka kwenda Kyerwa.

Nilikanyaga breki. Ndugu yako akikwama, si unasimama? Mtu yule akaweka mkono juu ya mkono wangu ulioshika gia. Ulikuwa baridi kama chuma cha alfajiri.

"Ndiyo, simama," akasema kwa upole. "Tumwangalie. Ndugu yako ni mimi. Yule mwingine wa nini?"

Alisema kwa wivu. Nilikuwa naujua ule wivu. Ulikuwa sauti ileile ninayoisikia kichwani kila watu wanapompungia Deusi, ila huu haukuwa na kheri hata kidogo ndani yake.

Nikaelewa kwamba nikisimama kumsaidia, namuua. Nikaachia breki, nikakanyaga mafuta mpaka chini. Deusi aliniona namwacha. Nilimsikia akiita, "Kaka! Kaka, usiniache!" Nimemlea yule mtoto tangu anatambaa, na sijawahi kusikia neno lililonichoma hivyo. Lori la baba likatoa moshi wote liliokuwa nao, likapanda. Honi ya basi ikawa karibu. Nilipomwacha nyuma kidogo, injini yake ikanguruma. Akakata usukani akarudi upande wake, na basi likapita kando yetu kama upepo.

Sikusimama mpaka Omurushaka. Nilipogeuka, kiti kilikuwa kitupu. Mlango haukuwa umefunguliwa. Juu ya kiti palikuwa na ganda la tunda moja la kahawa.

Fundi wa kompyuta alikuja akachomeka mashine yake, akasema lori la Deusi halina kosa lolote. Lakini mpaka leo nikilisogelea, hata kwa miguu, linakata. Nimejaribu kwa makusudi, likiwa limeegeshwa. Deusi naye amejaribu kunisogelea nalo, likakata. Siku ya harusi yake alilia, akasema twende wote kwenye msafara. Nilikataa, nikawatazama kutoka mlimani Rugu. Tukitaka kuonana tunakutana kwa Aneth, na Deusi huacha lori mbali akaja kwa baiskeli. Hatukai sana. Nikianza kucheka na mdogo wangu, mkono wangu wa gia unapata baridi.

Lori langu? Halijawahi kugoma tangu siku ile. Hata upepo sitoi tena. Kiti cha abiria kimebonyea katikati, na mama wa Kamuli akiomba lifti namwambia hakuna nafasi.

Kwa hiyo wewe unayejisifu kwa chombo kisichokataa, mkague anayepanda. Na gari la ndugu yako likimkataa mtu barabarani, usicheke, usifungue mlango, na tunda la kahawa usigawane na mtu ambaye hujaiona pumzi yake kwenye kioo. Mimi nimepata ndugu wa safari zote. Yule niliyemlea nampungia kutoka mbali, kama walivyokuwa wakimpungia wale watu walionitia wivu.