Fungu la tatu: unga niliouhukumu nikiwa mpimaji wa serikali Juba

Wakuu, salamu zenu nyote.

Hii habari hata mke wangu hajawahi kuisikia. Naiandika yote, pamoja na zile sehemu ambazo ningependa kuziruka, maana nikianza kuipamba sioni faida ya kuiandika. Mimi ni Mkenya wa Nakuru, kwa hiyo ndugu zangu wa Tanzania mnivumilie Kiswahili.

Miaka ya CPA, yale makubaliano ya amani ya Sudan, kabla ya ile kura ya maoni ya Kusini kujitenga, nilipata kandarasi Juba kwenye maabara ya serikali. Tulipima karibu kila kitu: unga, mafuta ya kupikia, maji ya chupa, hata simiti. Vyumba vitatu vya mabati, jenereta moja, friji moja. Wakubwa wangu walikuwa watu wazuri. Hii ninayosimulia ni yangu mwenyewe.

Nieleze kazi kidogo, maana bila hivyo hamtalielewa kosa.

Lori la unga likifika, tunachota kutoka magunia kadhaa, tunachanganya, halafu tunagawa mafungu matatu. La kwanza linapimwa. La pili anapewa mwenye mali. La tatu linafungwa, linapigwa sili, linawekwa kabatini, ili mwenye mali akiyakataa majibu, lifunguliwe mbele yake na lipimwe upya.

Ufunguo wa kabati nilikuwa nao mimi.

Sasa hapo kwa fungu la tatu ndipo tulipokuwa na mchezo wetu. Chakula Juba kilikuwa ghali, na kuona unga mzuri ukikaa hadi uingie wadudu kulituuma. Kwa hiyo majibu yakitoka salama, fungu la tatu linakwenda jikoni kwa Mama Keji, mama aliyetupikia chakula cha mchana. Asida, yaani ugali wa huko, na bamia, wote mezani. Hakuna aliyeona ubaya, na mimi ndiye niliyekuwa nampelekea.

Kulikuwa na mfanyabiashara mmoja Msomali, mtu wa Isiolo, nitamwita Abdi. Alikuwa na duka upande wa Nyakuron na aliishi nyuma ya duka na mama yake mzazi. Yule mama alikuwa kila nikipita lazima aniletee chai ya viungo, hata kama nina haraka. Hakujua Kiswahili sana. Alikuwa ananiita "daktari" tu na kunijazia kikombe.

Siku lori la Abdi lilipoingia na unga wa mahindi, nikachota, nikagawa. Nikampa fungu lake. Akalisukuma nyuma.

"Daktari, ya nini? Wewe si mtu wa kwetu? Weka tu."

Wiki hiyo dizeli ilikuwa imeisha. Jenereta lililala siku nne, na mnajua joto la Juba, au kama hamjui basi fikirieni kulala ndani ya oveni. Friji ikawa kabati kama makabati mengine. Humo ndani ndimo vilimokaa vijiti vyetu vya kupimia sumukuvu, ile sumu ya ukungu inayoharibu ini, na vijiti hivyo havitaki joto kabisa.

Ijumaa Mama Keji akaja mlangoni. "Ustaz, unga mafi. Leo watu itakula nini?" Yaani hakuna unga.

Nikafungua kabati. Majibu ya Abdi yalikuwa bado, lakini nilikuwa nimeuona ule unga, mweupe, haunuki. Nikasema si utakuwa sawa tu. Nikampa fungu la tatu, pamoja na lile la pili ambalo Abdi alilikataa. Tukala, tukashiba, tukasifu.

Jumatatu dizeli ikaja. Nikapima.

Kile kijiti kikitoa mistari miwili, unga ni salama. Kikitoa mmoja, una sumu. Kikatoa mmoja. Utaratibu unasema kabla hujamhukumu mtu, pima kwanza unga unaojua ni mzuri, uone kama vijiti vyenyewe bado vinafanya kazi. Lakini vilikuwa vimebaki viwili tu. Nikatumia cha pili kwa unga uleule. Mstari mmoja tena. Nikaandika: haufai kuliwa na binadamu.

Abdi alikuja akiwa mpole, hakupiga kelele. Akaomba lile fungu la kabatini lifunguliwe.

Wakuu, hapo ndipo ningeweza kusema ukweli. Tumelikula, nisamehe, tuchote upya. Maneno machache tu. Badala yake nikamwambia, "Nimeshalipima na hilo. Majibu ni yaleyale."

Akaniangalia kidogo. Akasema, "Kama wewe umepima, basi. Sitaki kuua watu."

Unga ukapelekwa kuchomwa. Abdi mwenyewe alishika jerikeni ya mafuta ya taa akamwagia. Halafu akazunguka sokoni na kwa majirani akikusanya magunia machache aliyokuwa ameshayauza lori lilipofika, akiwaambia watu kwa mdomo wake kwamba yana sumu. Hakuna aliyemlazimisha. Baada ya hapo nani angenunua chakula dukani kwake? Mwezi haukuisha, akafunga, akaondoka Juba na mama yake.

Vijiti vipya vilikuja baadaye. Siku hiyohiyo Mama Keji alikuwa anasafisha jiko, akaniita. "Ustaz, unga ya yule Abdi iko bado kidogo kwa mkebe. Mimi natupa?"

Nilichukua ule mkebe. Nikapima peke yangu, mlango umefungwa.

Mistari miwili.

Nikarudia. Miwili. Nikachukua cha tatu, nikijua kabisa kitasema nini.

Kandarasi yangu ilikuwa inakaribia kuangaliwa upya. Nilimwaga ule unga chooni, nikaosha mkebe, nikamrudishia Mama Keji. Sikumwambia mtu. Nilijiambia Abdi ni mfanyabiashara, atainuka. Hata nikalala usingizi, na hilo linaniaibisha mpaka leo.

Miaka ikapita. Nikarudi nyumbani, nikaacha kazi ya maabara. Mwaka huu nilikuwa Isiolo kwa shughuli zangu, nikaingia duka la vyombo vya plastiki kununua ndoo. Sauti ikasema, "Daktari?"

Alikuwa Abdi, ndevu nyeupe. Akanikumbatia. Akaagiza chai, akaniketisha kwenye kreti, akamwambia kila mteja kwamba huyu alikuwa mtu wa haki, huyu ndiye aliyemzuia asiwaue watu.

Nikamuuliza habari ya mama.

Akasema mama alifariki miaka michache baada ya Juba. Ini. Daktari wa hospitali hakusema liliharibiwa na nini. "Lakini mimi najua," akasema. "Ule unga tulikuwa tumeshafungua gunia moja nyumbani. Alikuwa anakunywa uji kila asubuhi. Mimi ndiye nilimpa."

Akasema tangu siku ile hajauza chakula tena, hata pakiti ya chumvi.

Na mimi nilikuwa nimeshika kikombe cha chai yake, wakuu. Nikasema pole. Nikalipia ndoo nikatoka.

Nilichojifunza ni hiki. Ukikosea kazini, mwambie uliyemkosea siku hiyohiyo, hata kama utafukuzwa. Mimi nilidhani nimemharibia Abdi biashara tu, kumbe mwenzangu alikuwa anajibebesha kifo cha mama yake, na aliyekuwa na uwezo wa kumtua ule mzigo nilikuwa mimi.

Namba yake ninayo, iko kwenye risiti ya ndoo. Nimeandika hapa kwanza ili nizoee kuisema. Kama kuna aliyewahi kukiri jambo likiwa limechelewa hivi, aniambie alivumilia vipi yale yaliyofuata. Matusi pia nitayasoma, ni haki yenu.

Jinsi ya kuanza nimeshajua. Abdi, unga wako ulikuwa mzuri.