Nililazimisha Bachome Uso ya Bibi Yangu

Musitafute mutu mwingine wa kulaumu. Miye njo nilimuharibu bibi yangu, miye mwenyewe!

Mama Neema, ule muke wangu, alizaliwaka na alama ku uso, nyekundu-nyeusi, toka jicho ya kushoto mpaka ku mudomo, kama mutu alimumwangia divai. Nilimukuta Kamituga, kule ku machimbo ya zahabu, anauzisha mikate, anacheka na kila mutu. Nilimupenda na ile alama yake. Mungu anajua!

Kisha biashara ya zahabu ikanipandisha, nikakuwa tajiri. Tukahamia hapa Bukavu, nyumba nzuri ya Muhumba, mutaa ya batajiri. Bakubwa ba serikali bakaanza kuja kula kwangu na abacost zabo, zile koti za bakubwa za bila tai. Siku moja mumoja akaniuliza chini-chini: "Maman alichomeka ku moto?"

Haya ikanishika. Toka pale, bageni bakikuja, Mama Neema anabakia ku jiko. Anaacha sahani ku mulango, miye naenda kuzichukua. Na alikubali! Hakunigombeza hata siku moja.

Nikasikia kama Bulaya kuko mashini ya lazeri: mwangaza inachoma mishipa kidogo-kidogo ya damu chini ya ngozi, alama inafifia. Nikamupeleka Brussels.

Munganga wa kwanza, muzee mupole, alimuangalia sana. "Monsieur, ku ngozi nyeusi hii mwangaza inaweza kuacha kovu mubaya. Tujaribu kwanza fasi kidogo, chini ya sikio. Murudie kisha miezi kadhaa, tuone."

Miezi! Na biashara yangu je?

Ku njia Mama Neema akanishika mukono. "Papa Neema, munganga amesema tungoje. Tungoje."

"Nyamaza! Weye haujui mambo ya Bulaya."

Nikatafuta munganga mwingine, yule hakuuliza maneno mingi. Bakachoma yote mara moja.

Ole wangu! Uso ilivimba, ikatoka malengelenge, ikatoa maji. Wakati ilipona, alama ilikuwa imepungua, ndiyo. Lakini kovu nene ilibakia, inang'aa, imevuta mudomo ku upande.

Tulipofika ku uwanja ya ndege, dada yangu alikuwa anatungoja na Neema, mutoto yetu, bado mudogo. Mutoto alimuangalia mama yake, akajificha nyuma ya shangazi.

"Huyu si mama!"

Mama Neema akapiga magoti mbele ya batu bote. "Ni miye, mutoto yangu. Sikia sauti yangu." Lakini sababu ya ule mudomo wa kuvutwa, maneno haikutoka muzuri. Hata sauti, mutoto hakuitambua. Akalia zaidi!

Neema alimuzoea pole-pole. Miye njo nilishindwa. Nikimuona tu, machozi. Asubuhi moja akafunga nguo zake, akarudia kwa mama yake kule Mwenga, pamoja na mutoto. Nikamufuata. Nikamuomba pardon, magoti chini, ku mulango ya mama mukwe.

"Sikukasirikii," akasema. "Lakini kila mara unaniangalia, unaanza kulia, na miye njo nakutuliza. Nimechoka, Papa Neema. Rudia."

Nilirudia peke yangu.

Weye bwana unayesoma, kama iko kitu ku mwili ya bibi yako inakupatia haya, muulize kwanza kama yeye inamusumbua. Kama haimusumbui, nyamaza kabisa! Miye sikumuuliza.