Jaribio Langu Jikoni kwa Shangazi

Shuleni nilikuwa wa kwanza miaka minne mfululizo, na sababu yake naijua: nilipenda kusikia jina langu likisomwa mbele ya wengine. Chuo kikuu, ambako majina hayakusomwa, nilisoma kiasi cha kufaulu tu. Kwa hiyo nikaamini kwamba kila anayejitahidi kuwashinda wenzake anasukumwa na hicho hicho. Ondoa sifa, juhudi inakufa. Nililisema hilo kwa yeyote aliyekubali kunisikiliza, mpaka nikaamua kulithibitisha kwa shangazi yangu.

Shangazi anaishi Butiama na anajulikana kwa maziwa ya mgando. Kabla ya kuyatia kwenye kibuyu, hukisugua ndani kwa kijiti chenye kaa la moto, akakung'uta majivu, akanusa, na mara nyingi akaanza upya. Nimewahi kumwona akirudia mara tatu kwa maziwa ya kunywa sisi wa nyumbani, bila mgeni hata mmoja. Hilo lingenitosha kujua kwamba nimekosea. Mimi nikasema ni mazoea tu.

Jumamosi moja jumuiya ya kanisa ilikuwa inakuja kusali nyumbani kwake. Safari hii kibuyu alikuwa amemkabidhi mkwewe, mke wa binamu yangu, aliyeolewa mwaka ule. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuandaa maziwa ya wageni peke yake.

"Wifi, niombee," aliniambia asubuhi. "Mama akikunja uso, hata ng'ombe wanaachaga kutafuna."

Nilimcheka. Nilikuwa nimepitia Musoma mjini jana yake, na kwenye begi langu kulikuwa na pakiti za mtindi usio na sukari nilizonunua duka moja la mtaa wa Iringo. Yeye na shangazi walipokwenda kwa jirani kuazima mabenchi, niliyamimina maziwa ya kibuyu kwenye ndoo, nikaificha chumbani nilimolala, na ndani ya kibuyu nikatia mtindi. Nilitaka kuona kama wageni wanasifu maziwa au wanasifu jina la mwenye nyumba, na kama shangazi angezipokea sifa asizozitolea jasho.

Baada ya sala vikombe vikapita.

"Mama, maziwa yako hayanaga mpinzani," alisema mwenyekiti wa jumuiya.

"Wewe unakujaga kusali au kunywa?" mwenzake akadakia.

"Nasali haraka ili ninywe taratibu."

Walicheka, nami nikacheka kuliko wote. Nilikuwa nimeshinda.

Shangazi hunywa wa mwisho. Alionja mara moja, akaweka kikombe chini.

"Jamani, mniwie radhi. Naomba vikombe."

"Mama, mbona matamu?"

"Siyo ya kumpa mtu. Naomba vikombe."

Hakuna aliyejua, wala hakuna ambaye angejua. Sifa zilikuwa zake tayari, na alizikataa mbele ya watu kumi na kitu, akikusanya vikombe kimoja kimoja, vingine vikiwa nusu. Kisha akamgeukia mkwewe.

"Kibuyu ulikifanyaje?"

"Kama unavyonifundishaga, mama."

"Basi hukunielewa."

Wifi akatazama chini. Wageni wakajifanya wanatafuta viatu vyao. Sentensi moja tu kutoka kwangu ingemwokoa, nami niliijua, nilikuwa nayo mdomoni. Nilijiambia nitaeleza wakiondoka wageni. Walipoondoka nikajiambia shangazi atulie kwanza. Jioni nilimwaga ile ndoo nyuma ya choo, nikaisuuza, na asubuhi nikarudi Bunda, ninakofanya kazi.

Tangu siku ile shangazi alirudia kuandaa kibuyu mwenyewe. Wifi akawa wa kuchota maji na kupanga mabenchi. Nilisikia hayo kwa binamu yangu, aliyeyasimulia kama kichekesho.

Miezi minne baadaye, nikiwa chumbani kwangu Nyasura, hapo Bunda, nilimpigia shangazi nikamwambia yote. Hakunigombeza.

"Umemwambia mwenzako?"

"Bado, shangazi. Nitakuja…"

"Huyu hapa."

Sikupata nafasi ya kujipanga. Wifi alinisalimia, akauliza habari za kazi, nami nikamwambia: maziwa yaliyorudishwa siku ile hayakuwa yake, yalikuwa ya dukani, na niliyabadilisha mimi. Nilisubiri anitukane. Ningefurahi.

"Kwa hiyo yangu hawakuyaonja?" aliuliza.

"Hapana."

"Na wewe je? Yalikuwaje?"

Mimi, msomi wa majaribio, nilikuwa na ndoo nzima chumbani nilimolala kutwa nzima.

"Sikuonja, wifi. Niliyamwaga."

"Hata kidole hukuchovya?"

"Hata kidole."

"Haya," akasema polepole, na akamrudishia shangazi simu.