Vidole Vilivyosomea Kwenye Katoni

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kujifunza kompyuta bila kompyuta. Tulipokuwa bado kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, nilichora vitufe vyote kwenye kipande cha katoni, nikiiga kompyuta moja niliyoiona shuleni, nikawa napiga vidole juu yake mpaka nikaweza kuandika nimefumba macho. Au ndivyo nilivyodhani. Katoni haiandiki kitu, kwa hiyo haikusahihishi.

Tuliporudi kwetu Rumonge, ng'ambo ya mpaka, nikajiandikisha kwa masomo ya sekretarieti, nikiwa na kiburi cha kimyakimya. Somo la kwanza la kupiga chapa, nikaandika "Madame" bila kutazama mikono. Nikainua macho. Kwenye skrini palikuwa na "?qdq,e". Kompyuta za hapa zina mpangilio wa Kifaransa: pale nilipozoea A pana Q, na M imehamia kwingine kabisa.

Jirani yangu wa benchi, mama mmoja wa Uvira aliyeuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, asubuhi na kusoma mchana, akachungulia.

"Petit, kijana wangu, kule Tanzania walikufundisha kuandika ao kutukana?"

Sikucheka. Nilimwomba mwalimu ruhusa ya kubadilisha mpangilio kwenye mashine yangu.

"Ukifika biro ya komini," akasema, akitaja ofisi za serikali ambako wengi wetu tulitarajia kazi, "utamwambia na chef, mkubwa wako, abadilishe yake?"

Darasa zima likaangua kicheko. Nikaanza upya, kama mtoto wa chekechea.

Ila aliyeniudhi kuliko wote ni mimi mwenyewe. Nikikosea herufi moja, nilifuta mstari mzima. Siwezi kuendelea mbele nikijua kuna neno bovu nyuma yangu. Ni kama kutembea na kokoto kiatuni. Yule mama, akikosea, alisema tu "bon, tutaona," akaendelea na vidole vyake viwili.

Mtihani ulikuwa barua moja ya mwaliko wa mkutano, mwalimu akitusomea imla. Asiyepita hapewi stage, yaani mafunzo ya kazini, na bila stage hakuna diploma. Nilifuta, nikarudia, nikafuta tena. Muda ulipokwisha, barua yangu ilikuwa na tarehe, anwani na nusu sentensi. Hiyo nusu haikuwa na kosa hata moja.

"Iko safi sana," mwalimu akasema. "Sasa mwaliko wenyewe uko wapi?"

Nje, yule mama alikuwa ananisubiri. "Mutoto wangu, mimi nimekosea hata jina ya komini. Lakini watu watakuja. Kwako wewe, nani atakuja?"

Niliondoka bila kumuaga. Njia nzima nilimjibu kichwani, majibu makali, yaliyopangwa vizuri, na hakuna hata moja lililokuwa na maana.

Nikapewa nafasi ya kurudia. Siku hiyo nilikifunga plasta kidole kidogo cha mkono wa kulia, kile kinachofuta.

"Umeumia?" mwalimu akauliza.

"Hapana, mwalimu. Nakizuia."

Akaanza kusoma. Niliandika, makosa yakibaki nyuma yangu waziwazi, mpaka sahihi ya mwisho. Ndipo nikabandua plasta, nikarudi kusahihisha nilichowahi. Nikapita kwa shida.

Sasa niko stage Muhuta. Makosa bado yananinyima raha, lakini namaliza ukurasa kwanza, kisha narudi kuyasahihisha.